Majibu ya Macho ya Yolima

"Injini moja ikizimika huko juu, tunaanguka?"

Bibi aliyeuliza alikuwa amekumbatia cherehani kama mtu anayembeba mgonjwa.

"Hatuanguki, bibi," Yolima alimjibu. "Ile nyingine inatosha kutufikisha. Na hata zikizimika zote mbili, ndege haidondoki kama jiwe. Inateleza na hewa, rubani anatafuta pa kuishusha."

"Na ikitikiswa na mawingu?"

"Utatikisika wewe, ndege haina shida. Yale mabawa yametengenezwa yapinde. Haya, weka cherehani kwenye mizani."

Yolima Barragán alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kazi yake pale uwanja wa ndege wa Villavicencio ilikuwa kupima abiria na mizigo ya ndege kuukuu zinazokwenda vijiji vya msituni, kule kusikofika barabara. Alijua kila ndege inabeba kiasi gani na inahitaji njia ndefu kiasi gani kuruka. Kitu kimoja tu hakuwahi kufanya: kukaa kwenye usukani.

Nyuma yake alisimama Kapteni Amparo Quiñones, rubani aliyehamia kampuni wiki ile ile. Alisubiri bibi aondoke, akauliza:

"Urubani umesomea wapi wewe?"

"Sijasoma, Kapteni. Vitabu tu. Nilikwama kwenye vipimo vya afya. Anayeanza na miwani hapokelewi."

Amparo akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha puani.

"Nimeanza nayo nikiwa na miaka thelathini na moja. Leo nina saa elfu tisa hewani. Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Mchumba wangu. Ni rubani wa hapahapa, Edilson Cristancho. Ndiye aliyenichukulia majibu Bogotá. Alisema marubani wenye miwani ni wale walioanza macho yakiwa mazima."

"Hayo majibu uliyaona mwenyewe?"

Yolima akatikisa kichwa.

Mchana alijifungia stoo ya mizigo, akapiga simu kwa daktari aliyempima miaka mitatu nyuma. Karani alimweka kwenye simu muda mrefu, kisha akarudi.

"Barragán Yolima. Ulifaulu, dada. Sharti lilikuwa moja: uvae miwani ukirusha. Cheti kilichukuliwa tarehe tisa Machi."

"Na nani?"

"Sahihi inasomeka Cristancho. Alileta barua yako ya ruhusa."

Yolima alishukuru kwa sauti ya kawaida kabisa, akakaa juu ya gunia la mchele. Barua ile aliiandika kwa mkono wake, na alimbusu Edilson alipokuwa akimkabidhi.

Simu ikalia mkononi. Ujumbe wa Edilson: "Malkia wangu, Jumapili usichelewe kwa mama. Anataka tumalize orodha ya wageni wa harusi. Nyama nachoma mwenyewe."

Akajibu: "Sitachelewa."

Jumapili nyama ilikuwa motoni uani kwa Doña Herminda, mama yake Edilson. Yolima hakukaa. Alivua pete ya uchumba, akaiweka mezani karibu na sahani ya mihogo.

"Edilson, cheti changu kiko wapi?"

"Cheti gani, mpenzi?"

"Nimeongea na karani wa daktari. Usinifanye nirudie."

Edilson alimtazama mama yake, kisha nyama.

"Tusiongelee hapa."

"Tutaongelea hapahapa. Hapa ndipo uliponitangaza nimeanguka."

"Yolima, nimezika marafiki wawili waliogonga mlima. Sikutaka kukuzika na wewe. Nilifanya kwa mapenzi."

"Na mimi je? Kila siku nakupimia mizigo, nakuona unapotelea kwenye mawingu hayohayo, na moyo unanidunda mpaka urudi. Niliwahi kukufichia leseni?"

"Si sawa. Wewe ni..."

"Mimi ni nani? Malizia."

Edilson akageuza nyama.

"Siku ile nililia mpaka nikavimba macho," Yolima alisema. "Ulinishika mkono, ukaniambia Mungu ana sababu zake. Kumbe sababu ulikuwa umeifungia ndani. Ungeniambia unaogopa, tungegombana, tungepatana. Wewe ukaamua maisha yangu peke yako, halafu ukapokea shukrani zangu kwa kunifariji."

Doña Herminda aliinuka, akaingia chumba cha mwanawe. Droo zilisikika zikivutwa. Alirudi na bahasha ya kaki, akaisoma amesimama.

"Imeandikwa 'anafaa'," alisema. "Edilson, mwaka mzima nimemwashia Mtakatifu Lucía mishumaa amponye macho binti huyu. Ulikuwa unaniona. Ulikuwa unaninunulia hiyo mishumaa wewe mwenyewe."

"Mama, naomba unielewe."

"Nimekuelewa. Ndiyo maana naona aibu."

Alimpa Yolima bahasha kwa mikono miwili. Cheti kilikuwa kimeshapitwa na muda, lakini Yolima alikikunja taratibu kama kitu kipya, akaondoka kwa miguu. Simu iliita mara kumi na nne njiani. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Harusi imebaki wiki mbili. Watu tutawaambia nini?" Akaandika: "Waambie ukweli, ujizoeze." Kisha akaifungia namba yake.

Alipimwa upya mwezi uliofuata, akafaulu. Amparo alimpeleka chuo cha urubani, akamwombea zamu za jioni kaunta ili asome asubuhi. Mwaka ukapita, na miezi kadhaa. Asubuhi moja mkufunzi wake alishuka, akafunga mlango wa ndege, akamwacha ndani peke yake.

Alizunguka mji mara moja, akatua. Wenzake walikuwa wakimsubiri na ndoo za maji, kama desturi ya anayerusha peke yake mara ya kwanza. Walipomaliza kummwagia, alimwona Edilson kando ya uzio, kofia mkononi.

"Umetua vizuri kuliko mimi siku yangu," alisema. "Naomba unisamehe. Naomba tuanze upya."

"Kusamehe, nimeshakusamehe, Edilson. Kuolewa nawe ni jambo jingine, na hilo halipo."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye. Msalimie mama."

Akaondoka maji yakimchuruzika, akampigia mama yake mzazi.

"Mama, nimerusha peke yangu leo."

Upande wa pili pua ikavutwa.

"Nyumba yetu umeiona kutoka juu?"

"Nimeiona. Kulikuwa na mashuka ya bluu kwenye kamba."

"Nimeyaanika tangu Jumatatu," mama alisema. "Yalishakauka siku hiyohiyo. Nilikuwa sijui utapita lini."