Mpaka Mtihani Upite

Mama alikuwa fundi cherehani, na Kiingereza chake kilianzia kwenye zipu kikaishia kwenye blauzi. Kwa hiyo mchana ule, binti yake alipong'ang'ana na neno "loquacious", kadi mkononi, macho darini, hakutegemea msaada kutoka upande wa cherehani.

"Mwenye maneno mengi," Mama alisema bila kuinua kichwa. "Kama shangazi yako."

Binti aligeuza kadi. Maana ilikuwa hiyohiyo. Akacheka, maana angefanya nini tena?

Kadi hizo zilikuwa za mtihani wa kuingilia shahada ya uzamili ng'ambo, ambao alikuwa ameshaufeli mara mbili, na umri wa kupewa ufadhili ulikuwa unamtupa mkono. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

Basi wakawa wanasoma pamoja. Kila neno lililomshinda, Mama alilifumua kama mshono. Lakini nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Cherehani ilijizungusha Mama akiwa jikoni. Chakula alichotengewa kilirudi kilivyo, mikono ikabaki mifupa, na ile sauti iliyotoa maana ikazidi kushuka, ikawa nzito, sauti ya mwanamume asiye na haraka, huku midomo ya Mama haichezi hata kidogo na machozi yakimdondokea kwenye kitambaa alichokuwa akikishona bila uzi.

Mama mdogo alikuja kumjulia hali dada yake, akashindwa hata kukaa. Kesho yake alirudi na mganga.

Mganga alinusa mlangoni. "Jini huyu bado hajakita mizizi," alinong'ona. "Leo anatoka."

Binti alimvuta pembeni. "Babu, nakuomba. Subiri mtihani upite."

"Unajua unachosema, mjukuu wangu?"

"Siku chache tu. Mama mwenyewe anataka nifaulu."

"We mtoto!" Mama mdogo alishika kichwa. "Huyu si mama yako?"

Mganga alikusanya vitu vyake. "Jini aliyeombwa abaki simuwezi. Mtaniita."

Binti alifaulu. Alama zilijitokeza kwenye skrini palepale, kubwa kuliko alivyowahi kuota, naye akatoka mbio kwenda kumwita mganga na mama mdogo. Kazi haikuwa ndogo: kuta zilitoa jasho, cherehani ikanguruma na kujigonga ukutani, Mama akapinda kama utepe mpaka visigino vikagusa kisogo, na ile sauti ikawa inataja maneno ya mtihani moja baada ya jingine, taratibu, mpaka ikakatika. Harufu nayo ikatoweka. Mama akafumbua macho, na yalikuwa macho yake mwenyewe.

"Mama! Nimefaulu!" Binti alimwangukia magotini, analia.

Mama alijiinua, akaketi.

"Siku ile mganga alipokuja, nilikuwa nasikia," alisema. "Nilikuita, mwanangu. Nilikuita mpaka yeye mle ndani akanionea huruma."

Akaitoa mikono ya binti yake magotini, akamwomba mdogo wake waondoke.