Hodi Mia na Thelathini

Kifaa kilikuwa kimezimwa, lakini kwenye picha ya ubongo wa mama kulikuwa na doa jekundu linalowaka kama kaa la moto.

Binti alilitazama. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga picha za ubongo katika utafiti wa hospitali, na mgonjwa aliyelala ndani ya mashine ni mama yake mzazi, aliyepandikizwa kifaa chenye nyaya ubongoni ili umeme wake, unaogonga mara mia na thelathini kila sekunde, umtulize maradhi ya kutetemeka. Kila mgonjwa alipigwa picha kifaa kikiwa kimezimwa, kisha kikiwa kimewashwa. Kikizimwa, doa lile halikupaswa kuwepo.

"Mwanangu," mama akanong'ona humo ndani, "kuna mtu kalala ubavuni mwangu. Ananuka nywele zilizoungua."

"Mama nawe! Humo wewe mwenyewe umeingia kwa kusukumwa. Huyo kapenya wapi?"

Alicheka, lakini mkono wake ukaifuta ile picha. Akaandika: mgonjwa alijitikisa. Maneno mawili tu, Mungu atusitiri. Angesema kweli, madaktari wangekizima kifaa moja kwa moja. Na juzi tu mama alikuwa ametunga uzi kwenye sindano, mara ya kwanza baada ya miaka tisa.

Jambo likawafuata nyumbani. Mchana kweupe ilitangulia harufu, kisha mama akaacha kuitika akiitwa, akaketi kushona kitambaa kwa sindano isiyo na uzi, mikono imetulia tuli kama ya maiti, na kooni mwake ikatoka sauti nzito ya kiume, ikicheka huku machozi ya mama yakimtiririka, mpaka binti akakimbia kumwita mjomba, mtu wa dua.

Mjomba akasoma, akauliza, "We nani? Umefuata nini kwa dada yangu?"

"Mimi nimefuata?" sauti ikajibu. "Nilibishiwa hodi mara mia na thelathini kila sekunde, usiku na mchana. Wewe usingefungua?"

"Zima hicho kidude," mjomba akanong'ona.

Binti akabonyeza rimoti. Mikono ya mama ikaanza kutetemeka, sindano ikaanguka, macho yake yakarudi kuwa yake. Harufu ikakatika.

"Alhamdulillahi," mjomba akasema.

Mama akamgeukia binti, midomo ikimcheza. "Nilikwambia siku ile, mwanangu. Kwani mashine yako haikuona kitu?"

Binti akamshika mikono. Ikamtikisa mpaka mabegani.

"Haikuona kitu, mama. Wallahi."

Kisha harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na sauti ile nzito ikasema taratibu, safari hii kutoka kooni mwa binti mwenyewe:

"Ahsante. Kwako nimekuta mlango wazi."