Jicho la Hunter Lavuka Garsen

"Mwewe, Mwewe, hapa Mwamba. Jicho limetolewa. Nakariri, jicho limetolewa."

Dabaso alikanyaga breki. Land Rover ikaserereka kwenye tope la barabara ya Tarasaa, ikasimama pua ikitazama kichaka. Akakamata kipaza sauti cha redio.

"Mwewe hapa. Limetolewa na nani?"

"Hatujui. Wametumia spana, si mapanga. Kuna meli inalingoja Kipini. Lisifike baharini."

"Nimekupata."

"Liwalo na liwe, Mwewe."

"Nimesema nimekupata."

Liwalo na liwe! Wakubwa wa Nairobi walilipenda sana neno hilo. Hukuwahi kuwasikia wakilisema wao wenyewe wakiwa matopeni.

Dabaso alirudisha gari barabarani, akaendelea kwenda Garsen. Mbio, lakini bila haraka usoni. Alikuwa Mworma wa Tana, mrefu, mkavu, saa ya Omega mkononi, bastola ya Walther PPK ubavuni chini ya shati la kaki. Ilikuwa Aprili 1957. Alikuwa ametumwa msituni Aberdare katika ile miaka mibaya ya hali ya hatari, akafanya aliyoamrishwa, akarudi na medali moja na moyo uliokufa ganzi. Chakula alikula, hakuonja. Mzaha alicheka wenzake wakicheka. Kazi aliifanya vizuri kuliko wote, na pengine ndiyo sababu.

Ndege ilikuwa imeanguka juu ya Wenje, kwenye malisho. Hunter, ndege ya kivita ya jeti, iliyoletwa kujaribiwa kwenye joto. Rubani wake aliruka kwa mwamvuli, na sasa alikuwa amekaa kwenye baraza la kituo cha polisi Garsen, mkono umening'inizwa shingoni, kikombe cha chai mbele yake.

"Whitcombe," alijitaja. "Ni wewe uliyetumwa kunitafutia jicho langu?"

"Ni mimi. Ilikuwaje?"

"Tumbusi! Aliingia kwenye injini. Ndege ya kisasa kuliko zote Afrika, bwana, imeangushwa na mla mizoga."

Dabaso hakucheka. Akavuta kiti.

"Niambie kwa nini mtu afungue chuma kimoja kwenye mabaki, aache mizinga minne."

Whitcombe aliweka kiberiti na pakiti ya sigara za Player's mezani. "Kiberiti hiki ni MiG-17, ya upande wa pili. Pakiti ni Hunter yangu. Unajua chochote kuhusu ndege?"

"Zinapita juu."

"Hahaa! Haya, sikiliza. MiG ni nyepesi. Tukianza kuzungushana kona kwa kona, yeye hukata kona fupi kuliko mimi. Mizunguko miwili tu, yuko mgongoni kwangu. Kwa hiyo sizunguki naye. Nateremka." Aliisukuma pakiti. "Nikiteremka, Hunter ina mbio, na usukani wake hautishiki na mwendo. MiG akinifuata huko, usukani unakuwa mzito, ndege inaanza kutetemeka. Yeye ana mizinga mitatu, mmoja mkubwa wa kutisha, lakini hutema polepole. Mimi nina minne, nikibonyeza kwa muda wa kupiga chafya tu, namaliza kazi."

"Basi wewe ni bora."

"Ndivyo ninavyowaambia wasichana." Rubani alikunja uso, mkono ulimuuma. "Ukweli? Tuko nguvu sawa. Marubani wa namna moja, mafuta sawa, anakula yeye leo, nakula mimi kesho. Kinachoamua ni kilengeo. Ndilo jicho lenyewe. Kina rada inayopima umbali wa adui, ndani yake kuna pia, kama ile ya watoto, inayozunguka, na kinaniambia nipige wapi. Si pale alipo. Pale atakapokuwa."

"Kama kumtupia mkuki mnyama anayekimbia."

"Haswa! Sasa mpe MiG jicho hilo. Ana kona, na sasa hakosei." Whitcombe alikitia kiberiti mfukoni. "Wenzangu watakufa, rafiki yangu. Wengi."

Dabaso aliinuka. Aliyasikia, aliyaelewa, hayakumgusa popote. Akaenda kivukoni.

Mto ulikuwa umevimba, rangi ya chai ya maziwa. Pantoni ilikuwa imefungwa upande huu, na Josiah, Mpokomo aliyeivuta kwa kamba miaka nenda miaka rudi, alikuwa amekaa juu ya gogo akijipangusa jasho.

"Bwana Dabaso! Mimi leo naona maajabu," alisema. "Mvua inanyesha, Waorma wote wanakimbia mto, wanakimbia mbu na mafuriko. Wewe unajua. Lakini yule mmoja anakuja. Tena anakuja na nyumba!"

Dabaso aliinua darubini yake ya Zeiss.

Punda watatu walikuwa wakiteremka ukingoni, wamebeba nyumba iliyovunjwa: fito zimekunjwa, mikeka imeviringishwa juu yake. Walikuwepo wanaume wawili. Mwanamke hakuwepo. Mzigo wa punda wa mwisho uliinama, ukataka kuanguka, na mmoja wa wanaume akauwahi, akaanza kuifunga kamba yeye mwenyewe, kwa vidole visivyojua pa kupita.

"Mama yangu," alisema Josiah. "Mwanamume anafunga nyumba?"

Lo! Hapo ndipo walipojifichua. Mzungu yeyote angewaona wafugaji wanahama, akawapisha. Lakini kwa Waorma nyumba ni ya mwanamke. Yeye huisuka, yeye huivunja, yeye huipakia. Mwanamume akionekana na kamba ile mkononi, atachekwa mpaka mvi zimtoke. Hawezi kuigusa ila awe na shida kubwa kuliko aibu.

Dabaso aliizungusha lenzi. Ukingo wa mkeka wa juu ulikuwa na mstari mwekundu, umesukwa mara mbili.

Aliijua ile mikeka. Alilala chini yake tangu akiwa mchanga. Ilikuwa ya Hawo, dada yake, aliyemlea mama yao alipofariki.

Na yule mwenye kamba alikuwa Sora, mume wa Hawo.

Dabaso aliteremka hadi pale akiwa na mikono mifukoni. Akachuchumaa kando ya shemeji yake.

"Sora. Hawo yuko wapi?"

Kamba ilimponyoka Sora mikononi.

"Wanaye. Wallahi, Dabaso, wanaye."

"Nani?"

"Holub. Yule mnunuzi wa ngozi za mamba. Alitaka nimwongoze kwenye ndege, nikamwongoza, sikujua. Akatoa ile kitu kwa spana, akasema nimpitishie Garsen ndani ya nyumba hii kwa sababu yeye polisi watampekua. Nikakataa. Basi akamchukua Hawo." Sora aliangua kilio waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. "Motaboti yake iko ng'ambo, kwenye kona pale chini. Nikifika mkono mtupu, anamtosa kwa mamba. Nikifika na askari, anamtosa."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye askari! Ningekuambia, ungefanya nini?"

Lilikuwa swali zuri. Dabaso alirudi kwenye gari, akakamata redio.

"Mwamba, hapa Mwewe. Jicho liko mkononi mwangu."

"Vizuri sana! Lete kituoni."

"Mnunuzi yuko ng'ambo na mateka mmoja."

Redio ilikoroma kidogo. "Mateka ni nani?"

"Mwanamke wa hapa."

"Lete jicho, Mwewe. Mnunuzi tutamkamata Kipini. Mambo ya wenyeji waachie wenyeji."

Dabaso alizima redio. Alijichunguza, kama mtu anayelibonyeza jino kuona iwapo linauma. Hakusikia hasira. Hakusikia woga. Alichokuwa nacho ni hesabu tu: Holub akikosa jicho, Hawo anakufa, na Holub anarudi siku nyingine kutafuta jicho jingine. Akilipata, marubani wanakufa. Ilibidi alipate na asilipate.

Alifungua kisanduku chini ya kiti. Baruti laini ya plastiki, nyeupe, ya kukandwa kama unga wa chapati. Na kalamu za kulipulia, vijiti vya shaba vyenye tindikali ndani. Ukiminya kalamu, tindikali inakula uzi, uzi ukikatika, kwaheri. Alichagua ya nusu saa.

Whitcombe, aliyeitwa kivukoni, alimwonyesha kwa mkono mmoja pa kuitia, ndani ya sehemu ya chini ya kilengeo, ili taa zake ziendelee kuwaka.

"Nusu saa hiyo ni ya Ulaya," rubani alimwonya. "Kwa joto hili tindikali inakimbia. Inaweza kuwa robo. Inaweza kuwa chini yake."

"Najua."

"Na ukishaiminya huwezi kuizima."

"Najua, bwana."

Josiah aliwavusha. Dabaso sasa alikuwa amevaa shuka, fimbo begani, Walther ndani ya kikunjo cha kiuno. Yule mwanamume mwingine, jirani ya Sora, aliachwa na punda. Dabaso na Sora walilibeba jicho ndani ya mkeka wa mstari mwekundu, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakafuata ukingo.

Kabla ya kona, kabla motaboti haijaonekana, Dabaso aliingiza mkono ndani ya mkeka. Akaminya kalamu. Ilikuwa lazima hapo. Mbele ya Holub asingepata nafasi.

Sora aligeuka. "Umefanya nini?"

"Tembea."

Motaboti ilifungwa kwenye mti mmoja wa ukingoni. Ilinuka chumvi na uvundo, kwa maana ngozi za mamba zilirundikwa mpaka nyuma, na minofu iliyotupwa ilikuwa imewaita mamba wengine wakajaa maji yale. Juu ya rundo la ngozi alikaa Hawo. Hawakumfunga. Ya nini? Angekimbilia wapi?

Holub alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, Kiswahili chake kimenyooka. Kando yake, mlinzi mwenye bunduki ya Mauser.

"Huyu ni nani?"

"Binamu yangu," alisema Sora. "Kitu ni kizito."

Holub aliunga nyaya mbili kwenye betri ya motaboti, akainamia kioo. Duara la almasi sita za mwanga likawaka. Yule mtu alicheka, akasahau kwamba anaongea na wachunga ng'ombe.

"Mnajua? Kule Korea nilikuwa fundi. Vijana wetu wa MiG walipanda juu mpaka Sabre za Wamarekani zikabaki chini zinahema. Walikuwa na mizinga ya kupasua bawa kwa risasi moja. Na bado walikuwa wanaangushwa! Risasi zilipita nyuma ya mikia. Tulikuwa na ndege bora na macho mabovu." Alizungusha kioo huku, akakizungusha kule. "Sasa tutaona."

Alikuwa na maneno mengi. Jua lilichoma. Dabaso aliangalia mikono yake mwenyewe, ikawa imetulia kabisa.

"Mwache mke wangu," alisema Sora.

"Atashuka Kilelengwani. Nikiwa na uhakika hakuna anayenifuata." Holub alimpungia mlinzi mkono. "Fungua kamba."

Injini ikanguruma. Motaboti ikaachana na ukingo, upana wa hatua chache za maji kati yao. Sora alipiga ukelele.

Dabaso alipaza sauti, kwa Kiorma, bila kubadili uso.

"Dada! Ruka! Ruka sasa hivi!"

Hawo aliyaangalia maji. Aliona mgongo wa mamba. Kisha akamwangalia mdogo wake, akaruka.

Mlinzi aliinua Mauser. Walther ililia mara mbili, na Mauser ikaanguka mtoni pamoja na mwenyewe. Sora alikwisha kujitupa majini, anayapiga maji kwa fimbo, anapiga mayowe kama siku ya kuvusha ng'ombe. Mamba wakaenda kule kulikokuwa na damu. Dabaso aliingia mpaka kifuani, akamshika Hawo kitambaa cha bega, akamvuta topeni mpaka nchi kavu.

Holub hakugeuka nyuma. Alikuwa na jicho lake. Alikaza mwendo, akaingia kona ya pili.

Mlipuko uliwainua ndege wote wa Tana.

Vipande vya mbao vilinyesha majini, na ngozi za mamba zikaelea zikiteremka na mkondo. Whitcombe, ng'ambo, lazima alikuwa akishangilia.

Hawo alikaa, mwili mzima tope, akicheka, amemshika mdogo wake uso kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu! Nilijua utakuja. Siku zote nilimwambia yule mzungu, nina ndugu, atakuja." Kisha kicheko kikapungua. Hakuwa mjinga. "Ile kitu iliyolipuka. Uliiwasha wapi?"

"Pale nyuma. Kabla ya kona."

"Kabla hujaniona?"

"Kabla."

"Ulijua niko ndani ya motaboti."

"Nilijua."

"Na kama ingewahi? Kama ningeogopa, nisiruke?"

Angeweza kumdanganya. Mtu mwingine angemdanganya, na hata Mungu angemsamehe. Dabaso alitafuta uongo, akakuta pale unapokaa uongo pako tupu vilevile.

"Ungelipuka nao," alisema.

Hawo aliondoa mikono usoni pake, polepole, mkono mmoja kisha wa pili. Akainuka. Akamshika Sora bega, wakaufuata ukingo kwenda kivukoni. Sora aligeuka kutazama nyuma. Hawo hakugeuka.

Dabaso alikamua maji ya shuka, akaipangusa Walther, akaangalia Omega. Ilikuwa bado inatembea. Akangoja kwanza wao wavuke. Josiah alimrudia na pantoni, akamvusha.

Ndani ya Land Rover redio ilikuwa ikimwita kwa hasira.

"Mwewe! Jicho liko wapi?"

"Limezimika. Na mnunuzi. Na motaboti."

Sauti ya Nairobi ikalainika. "Kazi safi. Safi sana. Kuna hasara upande wetu?"

Kupitia kioo cha gari aliwaona wawili wale juu ya ukingo, wadogo tayari kwa umbali, wanaondoka.

"Hakuna," alisema Dabaso.

Akawasha gari, akashika njia ya Tarasaa.