Nyumba Tupu ya Sura ya Tatu

Siku ya mnada Karatu haina mwenyewe. Mbuzi wanalia upande huu, nyama inachomwa upande ule, katikati mitumba imelazwa juu ya maturubai, na vumbi jekundu linawagawia wote sawasawa. Sabina Hhando, mwalimu wa historia huko Endamarariek, alikuwa anatafuta viatu vya mvua. Badala yake alikuta mgambo kamshika kijana mmoja pindo la shuka.

"Kamari hairuhusiwi mnadani. Kusanya."

"Afande, sio kamari. Ni hadithi."

"Hadithi yenye dadu?"

Kijana alikuwa mrefu, shuka jekundu juu ya jaketi la mvua la kijani, na raba zilizokuwa nyeupe alipozinunua. Mbele yake vilipangwa vitabu vyembamba, kila kimoja kimefungwa pamoja na kimfuko cha dadu. Jalada lilionyesha ng'ombe mmoja kasimama kwenye ukungu, na juu yake maneno: Ng'ombe Waliopotea Olmoti.

Sabina alichukua kimoja, akakifungua, akasoma nusu ukurasa hapohapo alipo.

"Afande, humu hakuna mahali pa kuweka hela," alisema. "Mmoja anasimulia, wengine wanajifanya watu wa hadithi. Unasema utafanya nini, dadu inaamua umeweza au umeshindwa. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa ukasome nyumbani."

Mgambo aliokota dadu moja yenye pande ishirini, akaigeuzageuza, akairudisha taratibu kama yai la mtu. Kisha akaenda kuwasumbua wauza miwa.

"Umeniokoa, mwalimu."

"Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Mtu anayemwambia afande 'ningekupa ukasome nyumbani' hawezi kuwa fundi cherehani."

Sabina alicheka, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake cha njano. Kwa kicheko hicho tu, kijana huyo, Lemayian wa Kakesio, alisahau bei ya kitabu chake mwenyewe.

Lemayian alikuwa muongoza wageni wa kutembea kwa miguu, nyanda za juu za Ngorongoro. Mwaka mmoja mvua iliwafungia wageni wake ndani ya hema siku mbili, nao wakamfundisha mchezo wa namna hiyo. Wao walikuwa wanawinda majoka. Yeye akajiuliza, joka la nini na sisi tuna ng'ombe? Akaandika miaka mitatu, kwa Kiswahili, na wiki hiyo ndiyo kazi ilikuwa imetoka kwa mchapaji. Wino ulikuwa bado unanuka.

Sabina aliondoka na kitabu, wameshapeana majina na namba za simu. Viatu alivisahau.

Simu ya kwanza ya Lemayian ilikuja kesho yake.

"Hujambo, mwalimu Hando."

"Huyo ni mtu mwingine. Mimi ni Hhando. Litoe kooni, kama unapumulia kioo."

"Hhhando."

"Sasa umekuwa fisi."

"Nyie Wambulu majina yenu yanahitaji mtu aliyelala vizuri."

"Na nyie Wamasai mnatembea kama mlima ni wenu."

"Sio wetu wote. Upande mmoja nimekuachia, kipenzi."

Neno hilo lilimtoka bila kupangwa. Upande wa pili Sabina akasema, "Haya, nimeupokea." Kuanzia hapo wakaongea kila jioni. Akiwa na wageni juu mlimani, Lemayian alitafuta mtandao kama mtu anayetafuta ndama, akipanda jiwe hili na lile.

Siku moja alimpa habari. "Kuna mzee Wilibrodi, ana duka la vitabu na michezo Arusha. Yuko tayari kuchukua kazi yangu, ila anataka kwanza maoni ya mtu aliyeicheza kwa mara ya kwanza. Nimemtajia wewe."

"Mimi nakupenda, Lemayian. Maoni yangu yana kasoro."

Ndiyo mara ya kwanza Sabina kulisema. Lemayian alikaa chini kwenye nyasi zenye umande.

"Andika ukweli tu," alisema. "Na mimi nakupenda."

Jumamosi mchana walicheza sebuleni kwa Sabina, pamoja na mwalimu mwenzake Laurencia na mumewe. Mezani palikuwa na ugali wa mtama, maharage ya ngwara na maziwa. Lemayian alisimulia vizuri mno. Walipanda mlima Olmoti kwenye ukungu, wakavuka mto, wakazungumza na nyati mzee. Laurencia alitupa dadu kwa nguvu mpaka moja ikaingia kwenye ngwara.

Ikafika sura ya tatu. Mashujaa wanafuata nyayo za ng'ombe hadi nyumba iliyochimbwa ardhini, paa lake limeota majani, mtu anaweza kupita juu asijue. Nyumba za Wairaqw wa zamani, hao Wambulu wa kina Sabina.

"Mnaingia," Lemayian alisoma. "Jikoni moto bado unafuka. Nyumba ni tupu. Kuna vyungu vitatu na ushanga."

"Nachukua ushanga," alisema Laurencia.

Sabina aliweka dadu chini. "Watu wako wapi?"

"Hakuna watu."

"Wamekwenda wapi?"

"Sikuandika. Sura ya nne ndiyo tamu, subiri."

Sabina aliokota dadu zake tena. Kwao, mgeni aliyekula chakula chako humsemi siku hiyohiyo, unamuacha chakula kishuke. Alicheza mpaka mwisho, akamsindikiza Lemayian hadi barabarani, akamshika mkono. Lemayian aliondoka akijua kapasi.

Siku tatu baadaye mzee Wilibrodi alipiga simu. "Kijana, mwalimu wako ameandika. Sikiliza: 'Mwandishi anajua njia zote za kuingia katika nyumba ya watu wangu, ila hajui nani anakaa ndani.' Sasa mimi nitasubiri kwanza. Sitaki maneno dukani kwangu."

Yaliyobaki kwenye barua hayakusomwa, na Lemayian hakuuliza. Alimpigia Sabina palepale.

"Umeniita mwizi wa ng'ombe."

"Sijakuita hivyo."

"Kwetu mtu mwenye neno na mwenzake wanakaa chini, analisema usoni. Wewe ulinishika mkono barabarani, halafu ukampa neno mtu baki."

"Ulikuwa umekula kwangu. Ningekusema mbele ya Laurencia, sahani haijatolewa? Na wewe ndiye uliyesema andika ukweli."

"Nilisema uandike. Sikusema unifiche."

"Bibi yangu alizaliwa katika nyumba kama ile, Lemayian, watu wamejificha humo na ng'ombe wao, wanawaogopa vijana wenu. Wewe umeweka humo vyungu vitatu."

Simu ilikatika. Sabina alidhani amekatiwa kwa hasira. Lemayian alidhani vivyo hivyo. Kumbe ni bonde tu alilokuwa anateremka Lemayian, mtandao umeisha, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze.

Wiki mbili zilipita. Sabina alifundisha huku jicho liko kwenye simu. Laurencia akamwambia, "Shoga, mpigie."

"Nimpigie nimwambie nini? Nilichoandika ni kweli."

"Basi mpigie umwambie ni kweli na unampenda. Vyote vinaingia kwenye simu moja."

Alipiga. Haikupatikana. Lemayian alikuwa kwao Kakesio, ng'ombe wameshuka malishoni, na kila jioni alikaa amenuna. Kijana wa rika lake, Supeet, alichoka na uso ule.

"Lete huo mchezo wako, tuone unavyouma."

Wakacheza vijana wanne nje ya boma, jua likiwa bado lipo. Walipofika sura ya tatu, Supeet alikunja uso.

"Soma tena hapo jikoni."

"Moto bado unafuka. Nyumba ni tupu."

"Haiwezekani. Penye moto pana mtu. Hawa wamejificha humuhumu, wanatusikia." Supeet alimtazama. "Nani alikusimulia hii?"

"Babu."

"Na babu yako alirudi na ng'ombe. Ndiyo maana kwake nyumba ni tupu. Mtu hasimulii alichokiona machoni pa mama wa watu."

Lemayian alifunga kitabu. Miaka mitatu ameandika, amepitia kila mstari, na moto ule ameuwasha yeye mwenyewe bila kujiuliza nani kachochea kuni.

Asubuhi alianza safari, na kesho yake mchana akafika Endamarariek, shuka limejaa vumbi. Sabina alikuwa uani anaanika ngwara kwenye turubai, gauni la bluu, kichwa wazi. Hakuinuka.

"Saita," Lemayian alisalimia kwa Kiiraqw.

"Saita. Umejifunza."

"Neno moja. Nimekuja kulisema usoni, kama tunavyofanya kwetu. Nilikosea. Na wewe ulinifundisha kwa barua iliyokwenda kwa mtu mwingine, ikaniuma."

"Hapo na mimi nilikosea. Ningengoja chakula kishuke, halafu nikuite wewe kwanza." Alipangusa mikono. "Barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Nilisema ni mchezo mzuri kuliko wowote niliowahi kukaa nao mezani, na kwamba nampenda mwandishi, kwa hiyo wanipunguzie alama."

Lemayian alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamsogezea kitabu. "Isimulie wewe. Mimi niko mlangoni, sura ya tatu. Ndani kuna nini?"

Sabina hakufungua kitabu. Alitazama ngwara zake, akasimulia alichosimuliwa na bibi.

"Ndani ni giza. Kuna wanawake wawili. Mmoja amemfunga ndama mdomo kwa kitambaa asilie, mwingine ana mtoto kifuani, anamnyonyesha kidole. Wamesikia hatua zako juu ya paa. Udongo unawaangukia vichwani. Moto hawakuwahi kuuzima. Unafanya nini?"

Dadu zilikuwa kwenye kimfuko. Lemayian hakuzigusa.

"Naweka mkuki chini, mbali. Nabisha hodi."

"Nani?" Sauti ya Sabina ilikuwa ya mwanamke aliyeko ndani.

"Lemayian wa Kakesio."

"Umekuja kuchukua nini?"

"Sichukui. Nimekuja kuomba. Kuna binti wa Hhando humo, nataka kumuoa, kama atanikubali na kama wenyewe wataniruhusu."

Kuku alipita kati yao, akadonoa ngwara moja, hakuna aliyemfukuza.

"Hapo unacheza au unasema?" Sabina aliuliza, na sauti ilikuwa imerudi kuwa yake.

"Nasema."

Sabina aliinuka. Kisha akamnyooshea mkono.

"Ingia," alisema. "Inama, mlango wetu ni mfupi."