Maji Ndani ya Hewa

Kila asubuhi ya likizo, kabla jenereta haijawashwa, Christelle alikuwa na kazi moja katika karakana ya Mama Germaine, mdogo wa mama yake. Alipiga magoti chini ya tangi la kompresa, akafungua koki ndogo na kuyaacha maji yenye rangi ya kutu yamwagike. Hewa ya mji wa Kindu ni nzito kwa unyevu wa mto. Kompresa inapoishindilia ndani ya tangi, maji hubaki chini; yasipomwagwa, huingia mashineni pamoja na hewa.

Lakini juma hilo treni ya mizigo ilikuwa imefika, na watoto wa mtaa walijaa stesheni kutazama mabehewa yakipakuliwa. Christelle hakutaka kubaki nyuma. Akabuni hila: kila asubuhi alimimina kikombe cha maji sakafuni, chini ya koki, kisha akakimbia zake.

Karakana hiyo iliunganisha vikasha vya vichujio vya maji. Zuberi, fundi kijana mwenye utani mwingi, aliweka nusu mbili za plastiki chini ya mashine na kubonyeza kitufe. Hewa iliingia ndani ya silinda, juu ya pistoni, ikaisukuma chini pamoja na kichwa cha chuma. Kichwa kilikandamiza plastiki, kikatetema kwa kasi ambayo sikio halisikii, na kingo zikayeyuka kwa msuguano. Kiliendelea kukandamiza mpaka plastiki ikapoa. Ndipo hewa ilipoingia chini ya pistoni na kukirudisha kichwa juu.

Asubuhi ya mwisho ya juma hilo pistoni ilisita njiani, ikashuka kwa kushtukashtuka.

"Mashine imeshikwa na kikohozi," alisema Zuberi. "Christelle, maji ulimwaga?"

"Nilimwaga, Yaya Zuberi," alijibu Christelle, akimwita kaka kwa heshima. " Tazama, hata sakafu haijakauka."

Zuberi alitazama. "Sawa, shefu wa koki. Basi ni unyevu wa msimu huu wa mvua." Akaendelea na kazi.

Jua lilipopanda, vijana walibeba masanduku ya vichujio hadi bandarini. Mama Germaine alirudi akijifuta jasho.

"Mashua ya Papa Tambwe inaondoka baada ya swala ya adhuhuri," alisema. "Vijiji vya chini ya mto vina kipindupindu. Watu wanavingoja vichujio kwa hamu."

Christelle alikiokota kikasha kimoja kilichosalia mezani. Kilionekana kizuri.

"Mama mudogo, kama kichwa hakikukandamiza sawasawa, inakuwaje?"

"Plastiki inashikana juu juu tu. Macho yanaona kitu kimoja, lakini maji machafu yanapata njia ya kuingia katika maji safi. Mbona unauliza?"

Christelle alikirudisha kikasha mezani na kuliendea tangi. Alipiga magoti na kufungua koki. Maji yalitoka kwa kishindo, yakatiririka mpaka mlangoni. Wakati huohuo adhana ilisikika kutoka msikitini.

"Nilidanganya," alisema. "Juma zima sikumwaga. Maji ya sakafuni nilikuwa ninayamimina mimi."

Zuberi alizima mashine. Mama Germaine hakupiga kelele. Alichukua beseni na pampu ya baiskeli, akamshika Christelle mkono, wakakimbia.

Bandari ilikuwa mbali; walipofika, swala ilikuwa imekwisha, na Tambwe alikuwa ametoka msikitini na tayari anafungua kamba.

"Shusha masanduku yangu!" Mama Germaine alimwita.

"Mama Germaine! Nikichelewa nitalala mtoni. Mbu wakininyonya, damu utanirudishia wewe?"

"Shusha, nakuomba."

"Kwa sababu gani?"

Mama Germaine akamtazama Christelle. Wapagazi nao wakageuka.

"Kwa sababu yangu, Papa Tambwe," alisema Christelle. "Sikufanya kazi yangu. Huenda vichujio vinavuja."

Tambwe aliiacha kamba. Utani ulimtoka usoni. "Dada yangu anakunywa maji ya huko," alisema polepole. "Shusheni."

Ukingoni mwa mto walijaza beseni. Walizamisha kikasha cha kwanza na kukisukumia hewa: kimya. Cha pili: kimya. Christelle alianza kutumaini. Cha tatu kilitoa mapovu madogo kwenye mshono wote.

Walipima vyote. Vibovu vilitengwa. Karakanani Zuberi alikausha silinda na mipira ya kupitishia hewa, akaunganisha vipya, navyo vikapimwa vilevile. Jua likielekea kuzama, mashua iliondoka.

Mama Germaine aliisindikiza kwa macho.

"Wakati wa vita nilikuwa mdogo kama wewe," alisema. "Tulikimbilia msituni, tukanywa maji ya kijito. Yalionekana safi. Kaka yangu Godefroid hakurudi nasi Kindu. Njo maana ninafanya kazi hii."

Christelle aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mama mudogo."

"Nimekusamehe. Ulikosa, lakini ulisema kabla kamba haijafunguliwa. Sasa sikia vizuri. Kazi yako haionekani na muntu, lakini uzima wa watu unaitegemea. Ifanye kama vile wote wanaokunywa maji hayo wamesimama nyuma yako."

Asubuhi iliyofuata treni ilipiga honi stesheni. Christelle aliisikia. Hakuinuka chini ya tangi mpaka tone la mwisho lilipotoka, na koki ikatoa hewa kavu peke yake.