Qusai Awazuia Wazee Wasimwombee Kazi

Nyumbani kwa Abu Qusai, Ijumaa asubuhi haina haraka. Umm Qusai alikuwa akikaanga nyanya kwa mafuta ya zeituni. Mumewe alimenya vitunguu, huku akivilaumu kwa kumliza. Qusai, mtoto wao wa kwanza, alimimina chai. Ana miaka thelathini na mbili. Ana shahada ya kilimo. Kazi hana.

Kwa miaka minane jina lake limo kwenye orodha ya serikali ya wanaosubiri ajira. Kila mwezi huliangalia. Kila mwezi halijasogea.

"Mwanangu," alisema Abu Qusai, "kile kinu kipya cha kukamua mafuta ya zeituni kinatafuta msimamizi wa ubora."

"Nimeona tangazo, baba. Ile kazi naitaka kwelikweli."

"Basi usiwe na wasiwasi. Nimeshaongea na ami yako Fawaz. Kesho tunapeleka jaha kwa mwenye kinu."

Qusai akaliweka birika chini. Jaha ni ujumbe wa wazee. Huenda nyumbani kwa mtu kuposa, au kupatanisha waliogombana. Kahawa ikiletwa, hawainywi mpaka ombi lao likubaliwe. Mwenye nyumba akikataa, aibu humrudia yeye.

"Baba, mnaniombea kazi au mnaniposea?"

"Akipata kazi, na mke atapatikana," alidakia Umm Qusai, akicheka.

Qusai hakucheka. Mwaka juzi wazee wanane walimwendea mwenye kiwanda cha mbolea. Yule bwana aliona haya, akakubali. Qusai akapewa kiti, lakini hakupewa kazi ya kufanya. Baada ya miezi mitatu hata kiti kikachukuliwa.

"Safari hii tutakwenda kumi na wawili," alisema baba yake, akiwa na furaha zake.

Qusai alipanda ghorofa ya juu kwa jirani yao, Ruba. Mama huyo ni mshauri wa ajira katika kituo cha vijana. Ana huruma nyingi, lakini mdomo wake hauna breki.

"Dada Ruba, nisaidie. Naitaka kazi ya msimamizi wa ubora kwenye kinu kipya, lakini jaha ikienda kuniombea tena nitachekwa mji mzima."

"Lete wasifu wako niuone."

Wasifu ulikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulitaja ukoo wake, kisha ami yake Fawaz, brigedia mstaafu. Chini yake, kwa herufi kubwa, ziliandikwa alama zake za mtihani wa sekondari.

"Mtihani huu uliufanya lini?"

"Miaka kumi na minne iliyopita."

"Na huyu brigedia, ndiye atakayepima mafuta?"

Qusai akaanza kuukunja wasifu wake.

"Haya, niambie," aliendelea Ruba. "Msimu wa zeituni simu yako haitulii. Watu wanakuuliza nini?"

"Ah, hayo ni ya kusaidiana tu."

"Sijakuuliza kama wanakulipa. Nimekuuliza wanataka nini kwako."

Ndipo Qusai akaeleza. Jamaa zake walikuwa wakizijaza zeituni kwenye magunia ya plastiki, wakiziacha siku tatu au nne. Zilipata joto, na mafuta yakatoka makali. Yeye alizishawishi familia kumi na moja kutumia makreti yenye matundu, na kukamua siku ileile ya kuchuma. Kila msimu alipima mafuta yao na kuandika matokeo kwenye daftari. Msimu wa tatu, familia tisa zilipata mafuta ya daraja la juu kabisa.

Ruba alimtazama kama mtu aliyefichwa habari njema.

"Na hayo yote hukuyaandika! Sikiliza. Andika ukurasa mmoja tu. Shida ilikuwa nini, ulifanya nini, kikabadilika nini. Kisha weka majina ya wakulima wawili wanaoweza kupigiwa simu. Tajiri anataka kujua utamsaidia nini. Ukoo wako atauuliza siku ya harusi."

Walifanya mazoezi ya usaili palepale. Ruba akajifanya mwenye kinu.

"Inshallah mtanifikiria," alianza Qusai kwa sauti ndogo.

"Anza upya! Hukuja kuomba sadaka. Kaa wima, uniambie utafanya nini hapa. Usichokijua, sema hukijui, na useme utajifunza vipi."

Alianza upya mara nne. Mara ya nne, Ruba alimsikiliza hadi mwisho.

Ikabaki kazi ngumu zaidi, kuongea na baba.

"Baba, nakuomba, wazee wasiende."

"Kwani sisi hatufai?"

"Mnafaa mno. Ndiyo sababu hataweza kuwakatalia. Na mimi sitajua kamwe kama alinitaka."

Maneno yale yalimuuma Abu Qusai. "Na ukikosa?"

"Nitauliza nimepungukiwa nini, nijifunze, niombe pengine."

Mzee akachukua simu, akamwambia ndugu yake safari imevunjika. Ami Fawaz alifoka hadi jikoni wakamsikia.

Jumatatu Qusai alikwenda peke yake. Mwenye kinu aliusoma ule ukurasa mmoja mara mbili.

"Ungeanza na nini hapa?"

"Na magunia niliyoyaona uani, bwana. Yako juani. Zeituni zake zitaharibika kabla hazijafika mashineni."

"Na mashine yangu mpya unaijua?"

"Hii siijui. Nipe wiki moja na fundi wake."

Mwenye kinu alimpigia simu mkulima mmoja, wakaongea kwa muda mrefu. Jumatano akampigia Qusai: "Njoo uanze kazi Jumapili, wiki mpya ikianza."

Msimu ulipopamba moto, Ami Fawaz alifika kinuni na magunia sita, akapita moja kwa moja hadi mbele.

Qusai alimbusu begani kwa heshima. "Karibu, ami. Foleni inaanzia kule. Na hizi zako zimeshapata joto, tutazikamua mbali na za wengine."

"Mimi? Ami yako?" Fawaz alimgeukia Abu Qusai, aliyekaa kwenye benchi na majirani. "Mwambie mwanao!"

"Nimwambie nini?" alisema Abu Qusai, akijinyoosha kwa fahari. "Mimi hapa sina sauti. Kijana kazi hii kaipata mwenyewe."

Fawaz akanung'unika, akayaburura magunia yake hadi mwisho wa foleni.