Mkeka Juu ya Ukoka

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, Gaëlle alifagia ukoka. Wasichana wenzake wa mtaani walifagia mchanga. Yeye alifagia majani, akiupitisha ufagio taratibu ili aondoe takataka bila kung'oa kitu. Nyumba yao ya kupanga hapa Nchelenge, nchini Zambia, kwenye mteremko unaoelekea Ziwa Mweru, ilikuwa ndiyo pekee mtaani yenye kiwanja cha kijani mbele ya mlango. Wapita njia walikisifu. Gaëlle, ambaye mgongo wake ndio uliokuwa ukiinama, hakukisifu hata kidogo.

Ukoka huo, ambao wenyeji huuita kapinga, ulipandwa na mwenye nyumba, muuguzi mstaafu aitwaye Bana Febby, maana yake mama yake Febby. Alipohamia Mansa aliipangisha nyumba kwa masharti mawili tu: gari lisiegeshwe juu ya kapinga, na samaki wasianikwe juu yake. Wapangaji waliotangulia waliegesha lori, wakafukuzwa. Mama yake Gaëlle, Mkongo mchuuzi anayevusha samaki na bidhaa kati ya Zambia na Kongo, alikubali bila kusita. Nyumba ilikuwa karibu na bandari na karibu na shule, na familia ilikuwa imechoka kuhamahama. Dan, kaka yake Gaëlle, akapewa kazi ya kumwagilia maji. Gaëlle akapewa kufagia, na kuanika chisense, wale dagaa wadogo wa ziwani, kwenye kichanja nyuma ya jiko.

Kichanja hicho kilikuwa na kasoro moja: kilikuwa kidogo. Ndoo moja ya chisense haikuenea kwa mara moja. Ilibidi aanike wa kwanza, awageuze, awatoe, ndipo aanike wengine, na siku nzima ikaishia hapo. Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, mama na Dan walikwenda Chienge na mizigo, wasirudi hadi Jumatatu jioni. Gaëlle, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alibaki na ndoo ya chisense na agizo la kulala kwa jirani. Chai haijapoa, rafiki yake Princesse akasimama langoni.

"Leo tunacheza netiboli na bale ba Kashikishi," Princesse alisema. "Batu bote balishafika. Wee unangoja nini?"

"Niko na samaki."

"Samaki haina miguu. Itakungoja."

Gaëlle alikiangalia kichanja, kisha akauangalia ukoka, mpana na tambarare, jua limeuangukia wote. Akalitoa turubai jeusi ambalo mama yake aliita shitingi, akalitandaza katikati ya ukoka na kumwaga chisense wote juu yake. Hakuona kwamba amevunja sharti. Samaki walikuwa juu ya shitingi, si juu ya majani. Alijipongeza kwa akili hiyo, akakimbilia uwanjani.

Jioni chisense walikuwa wamekauka vizuri kuliko siku zote. Akawatia gunia. Turubai aliliacha palepale, kwa kuwa alikuwa amechoka. Jumapili akashinda kanisani na kwa jirani, wala hakulikumbuka.

Jumatatu asubuhi alilivuta turubai. Majani yaliyokuwa chini yalikuwa manjano, yamelala, yananuka maji ya samaki. Lile turubai jeusi lilikuwa limemeza jua siku mbili na kuyapika. Ubaya zaidi, alama yenyewe ilikuwa na pembe nne zilizonyooka, hata kipofu angejua kwamba si kazi ya ugonjwa wala mchwa. Gaëlle alimwaga maji ndoo moja, akangoja kidogo, akaona hakuna kilichobadilika. Basi akaingia ndani, akatoa mkeka mkubwa wa wageni, akautandaza juu ya alama ile, akaketi katikati na kitabu cha hesabu.

Mama aliporudi alimkuta hapo.

"Unasoma, wakati wa likizo?" aliuliza, mzigo ungali kichwani. "Bon. Leo Mungu amenikumbuka."

Kisha akatoa habari njema, ambayo kwa Gaëlle ilikuwa kama mlango kufungwa kwa nje. Bana Febby alikuwa amepiga simu. Mwisho wa mwezi angekuja na ndugu zake kwa ajili ya chilanga mulilo ya binti yake, ile sherehe ambayo ukoo wa bibi harusi humpikia bwana harusi vyakula vya kwao. Wanawake wangepika hapa, na kabla ya kuvipeleka vyungu wangecheza ngoma juu ya kapinga.

Tangu siku hiyo Gaëlle akawa mfungwa wa mkeka. Asubuhi aliketi, mchana aliketi, jua likamchoma utosini. Alikula hapo. Akienda chooni alikimbia, asije mtu akaukunja mkeka kwa kutaka kusaidia. Usiku aliuacha ulipo, akidai kwamba alitaka kuanza kusoma mapema. Princesse alikuja kumwita, akaja tena, mwishowe akaacha kuja. Mama naye alimsifu kwa kila jirani aliyepita, na kila sifa ilimbana zaidi. Mtu anayesifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya hupumua kwa shida, na Gaëlle alipumua kwa shida tangu asubuhi hadi usiku.

Kila mama alipotoka, Gaëlle aliinua ncha ya mkeka na kuchungulia. Mambo yalizidi kuharibika. Majani ya kandokando, ambayo turubai halikuyagusa, nayo yalianza kuwa manjano chini ya mkeka, na rangi ile ikajitokeza nje ya ukingo. Mama aliiona asubuhi moja alipokuwa akifunga kitenge aende sokoni. Hakumuuliza msomi wake. Alimwita Dan.

"Maji unamwagaka wapi?" aliuliza. "Kapinga inakufa, na Bana Febby eko njiani. Unataka batutupe inje?"

"Mama, namwagaka kila siku. Mara mbili."

"Donc kapinga njo inasema uongo? Hautaenda Kilwa. Utabakia hapa na ndoo yako."

Mjomba Willy alikuwa amemwahidi Dan kumpeleka Kilwa, kisiwa cha humohumo ziwani Mweru, kununua samaki, safari yake ya kwanza ya mashua kubwa, na alikuwa ameizungumzia tangu shule zifungwe. Mama alipoondoka, Dan alikuja na ndoo yake akasimama mbele ya mkeka.

"Gaëlle, wee uko hapa siku yote. Unaonaka vile namwaga maji. Umuambie mama."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Gaëlle akafungua ukurasa mwingine wa kitabu.

"Mi nilikuwa nasoma," alisema. "Sikuona."

Dan alirudi kisimani, na mchana kutwa alikwenda na kurudi, akimwagilia majani yaliyokuwa na afya yake tele. Gaëlle alisikia kishikio cha ndoo kikilia kila alipopita. Alikuwa amezoea kuogopa kufukuzwa. Sasa alijichukia, na hilo lilikuwa jambo jipya, tena zito zaidi. Usiku hakula. Mama akadhani ni jua.

Asubuhi Mjomba Willy alipita kumuaga dada yake kabla ya kwenda kwenye mashua. Mama alikuwa akimweleza kwa nini Dan hatasafiri. Dan mwenyewe alikuwa tayari ameshika ndoo, macho yakiwa chini. Gaëlle alitoka ndani bila kitabu, akaushika mkeka kwa ncha zake mbili, akauvuta hadi ukutani.

"Si Dan," alisema. "Ni miye. Nilitandika shitingi na samaki, nikaenda kucheza. Kisha nilificha na mukeka. Dan alikuwa anamwaga maji, nilimuona kila siku."

Mama aliangalia zile pembe nne. Gaëlle aliona mkono wake ukipanda, ukaishia mdomoni.

"Na miye niliambia batu bote kama uko nasoma," alisema polepole. Alimgeukia Dan. "Mwanangu, unisamehe. Nilikulaumu bure. Enda, mujomba asikuache."

Dan aliiweka ndoo chini. Akampita Gaëlle, akamfuata mjomba.

Mama akatoa simu, akatafuta namba ya Bana Febby, akampa binti yake. "Sema weye mwenyewe," alisema. "Kama ni kuhama, tutahama. Lakini ataisikia kwako."

Bana Febby alikuwa ametibu Wakongo wengi siku za kazi yake, na Kiswahili chao alikijua, ingawa Kibemba kilijipenyeza humo kila alipofungua mdomo. Gaëlle alieleza yote.

"Mwana, uko karibu na kapinga?" Bana Febby aliuliza. "Piga magoti. Vuta moja ya katikati. Inatoka?"

Jani lilitoka bila kupinga, mzizi umeoza.

"Sasa vuta ya pembeni."

Hilo liligoma. Gaëlle alilivuta kwa nguvu, na mzizi ukaonekana mweupe.

"Eya," Bana Febby alisema. "Basi haikukufa yote. Sikiliza muzuri."

Gaëlle alisikiliza. Siku hiyohiyo aling'oa majani yaliyokufa, akachimbua udongo kwa jembe dogo, akamwaga maji mengi ili chumvichumvi na harufu ya samaki vizame. Kesho yake alikwenda kando ya njia, ambako kapinga hujiotea yenyewe, akakata mashina yake marefu yatambaayo, kila kipande kikiwa na vifundo viwili au vitatu, maana mzizi hutoka kwenye kifundo. Akavipanda kwa mistari, akashindilia udongo kwa kiganja, akazungushia vijiti na kamba ili bata na watoto wasipite. Akamwagilia asubuhi na jioni, kwa ndoo ileile ya Dan. Viganja vilimtoka malengelenge. Hata hivyo aliweza kuondoka pale alipotaka, na jioni moja alikwenda uwanjani akacheza hadi giza likaingia.

Dan alirudi kutoka Kilwa amebabuka pua, akiwa na hadithi za mawimbi. Siku mbili alimsimulia mama tu. Siku ya tatu alileta ndoo ya maji, akaiweka karibu na kamba. "Huku kumekauka," alisema, akaondoka. Gaëlle alifurahi kuliko alivyoonyesha.

Siku ya sherehe Bana Febby aliwasili na gari lililojaa wanawake, vyungu na ngoma. Kabla ya kusalimia mtu alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kamba. Kapinga mpya ilikuwa imeshika, lakini ilikuwa nyembamba bado, mistari ya kijani yenye udongo mwekundu katikati. Shangazi mmoja wa bibi harusi alifungua kitenge chake.

"Tufunike hapa," alisema. "Bageni basione."

"Hapana, mukwai," Bana Febby alimzuia kwa heshima. Akamwita Gaëlle karibu.

"Mi nilikuwa nesi," alimwambia. "Batu balikuwa bananiletea kidonda kidogo, balikifunga na kitambaa kwa kuona haya, siku na siku. Tukifungua, kimeoza. Kidonda kidogo haikatishi muguu. Kuficha njo kunakatisha. Ungeniambia ile siku ya kwanza, ungepanda hapa katikati tu. Hii yote ya pembeni iliharibiwa na mukeka wako."

"Ndiyo, mama. Na nyumba?"

"Mutu anaenificha mambo, siwezi kulala nikijua eko mu nyumba yangu. Weye ulinipigia simu. Mutabakia."

Ngoma zikaanza. Wanawake walicheza wakiizunguka kamba, na mgeni mmoja, jasho likimtiririka, akasimama akaonyesha kwa kidole.

"Kapinga nzuri hivi," alisema. "Nani aliiharibu?"

Mama alimtazama Bana Febby. Bana Febby akatazama pembeni, kama mtu ambaye hakusikia. Hakuna aliyekuwa na nia ya kumtaja mtu.

"Ni miye," Gaëlle alisema. "Na ni miye naipanda tena."